Niliuza Mbuzi Nisio Nao, Tumbo Langu Likalipa

Wewe unayesoma haya huku umebana tumbo kwa kiganja, ukijiambia ni gesi tu, nakuandikia wewe. Mimi pia nilisema ni gesi. Nilisema hivyo mpaka siku niliyotapika damu mbele ya abiria wa basi zima.

Naitwa Wanjala. Kwetu ni upande wa Kitale, kwenye mahindi, lakini Lodwar nimekaa muda wa kutosha kuitwa mwenyeji na wageni, na mgeni na wenyeji. Kazi yangu ni mbuzi. Nanunua Lodwar, nauza Kakuma kwa wachinjaji wanaolisha mji na kambi ya wakimbizi. Mbuzi nawahesabu mara mbili: kwanza kwa macho, halafu kwa kuwashika masikio, maana macho hudanganywa na vumbi. Kubishana bei ndiyo starehe yangu. Mke wangu, Rose, ana msemo wake: "Baba Sifa, wewe hata kaburi utaomba upunguziwe." Sifa ni binti yetu. Wakati huo alikuwa darasa la pili.

Nilikuwa mzima. Nilikula nilichokuta, nililala juu ya magunia kwenye lori, na sikujua hospitali ya Lodwar mlango wake unatazama wapi.

Kilichonipeleka huko ni arubuni. Neno lenyewe si geni: ni pesa unayotanguliza ili kitu kisiuzwe kwa mwingine. Lakini namna ya kuifanya kuwa biashara nilifundishwa mwaka 2012 na Abdi, mchinjaji wa Kakuma, Msomali mnene anayecheka kabla ya kukukamua.

"Warya, Wanjala," aliniambia, "kwa nini kila mara unanunua mbuzi mzima? Mbuzi anakula, anaugua, anakufa njiani. Nunua haki ya kumnunua."

Ilikuwa hivi. Naenda kwa Mama Nakiru, mwanamke wa Kiturkana mwenye zizi pembeni mwa soko la Lodwar, nampa shilingi mia mbili kwa kila mbuzi. Tunapatana kwamba mpaka siku fulani, nikitaka, ataniuzia kwa elfu tatu, hata bei ipande vipi. Siku za mgao kambini watu hutaka nyama, bei Kakuma hupanda. Ikipanda, nachukua mbuzi wangu kwa elfu tatu na faida naila. Isipopanda, namwachia Mama Nakiru mbuzi wake na mia mbili zake, nakwenda nyumbani nikipiga mluzi wa uongo.

Mama Nakiru aliipenda biashara hiyo. "Ejok, mtu wa kununua hewa!" alinisalimia kila nikija. "Leo unaniachia ngapi?"

Na hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu yangu. Kupata mara moja si kazi, hata mwendawazimu hupata siku moja. Kazi ni kupata mwezi huu, na ujao, na ule wa baadaye. Mimi nilipoteza mia mbili mia mbili, mara nyingi, kidogo kidogo, kama anayenyonywa na kupe. Halafu siku moja bei inaruka na narudisha zote na nyongeza. Ukipiga hesabu mwisho wa mwaka, mambo si mabaya. Lakini mtu haishi mwisho wa mwaka. Anaishi leo asubuhi, na leo asubuhi amepoteza tena.

Kungoja bei ndiko kulikoanza kunitafuna. Chini kidogo ya chembe cha moyo pakawa na moto, kama mtu ameweka kaa la jiko akasahau kuliondoa. Nikila, linatulia. Nikikaa na njaa, linaamka. Mgongo nao uliuma kwa sababu ya malori, na kichwa kwa sababu ya hesabu, kwa hiyo nikawa nameza vidonge vya maumivu vya dukani, kila siku, juu ya chai ya rangi kali, bila kitu kingine tumboni. Niliona nabana matumizi. Kidonge ni rahisi kuliko chakula.

Mwisho wa mwaka nikajiuliza swali ambalo nadhani kila mfanyabiashara wa arubuni hujiuliza. Kama mimi ninayelipa arubuni napoteza mara nyingi, si maana yake anayepokea ndiye anayekula mara nyingi? Mama Nakiru hajawahi kulalamika hata siku moja. Basi na mimi nikageuka nikawa mpokeaji. Niliwaambia wachinjaji wa Kakuma: nipeni mia mbili kwa kichwa, na mpaka siku fulani mkitaka mbuzi nitawaletea kwa bei hii. Wakatoa. Bei haikupanda. Nikala. Mwezi uliofuata wakatoa tena, nikala tena. Niliona nimefika. Pesa iliingia kila mwezi kama mshahara wa serikali, tena bila kulisha hata mbuzi mmoja. Sikuwa na mbuzi. Nilikuwa nauza mbuzi nisio nao.

Tofauti moja tu sikuitilia maanani. Anayelipa arubuni, hasara yake anaijua tangu asubuhi: ni ile mia mbili. Anayepokea, faida yake ndiyo mia mbili. Hasara yake haina ukuta.

Ilipofika Machi 2013 mawingu yalianza kujikusanya. Mimi ni mtoto wa mahindi. Kwetu mvua ikinyesha chakula kinakuwa tele, na kikiwa tele bei inaanguka. Nikajiambia: mvua inakuja, nyasi zitaota, mbuzi watajaa, bei itakufa. Nikaenda Kakuma, nikapokea arubuni kwa Abdi na wenzake kwa mbuzi wengi kuliko nilivyowahi kuuza maishani, mpaka mvua iishe. Sikumuuliza Mama Nakiru neno lolote. Mtu anayebishana bei haonyeshi alichoshika mkononi. Huo ulikuwa werevu wangu.

Mvua ikanyesha kweli, nikafurahi. Ilipopungua kidogo nikaenda sokoni kununua mbuzi wa bei ya kutupa.

Zizi la Mama Nakiru lilikuwa tupu. Yeye alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, shanga shingoni, ametulia kama mtu aliyelipwa.

"Ejok, Mama Nakiru."

"Ejok-noi. Umekuja kununua kinyesi? Ndiyo imebaki."

"Mbuzi wako wapi?"

"Wameenda na vijana huko milimani, upande ya Lokitaung. Majani imetoka. Sasa mbuzi iko na maziwa, iko na mimba, watoto wanashiba. Niuze ya nini? Niko na shida gani?"

"Lakini mvua imenyesha! Si ndiyo wakati wa mbuzi kuwa wengi?"

Akacheka mpaka shanga zikagongana. "Wewe emoit, mgeni wewe! Mbuzi ni mahindi? Mahindi ukivuna unauza. Mbuzi mtu anauza wakati ya njaa. Mvua ikinyesha, nani mjinga atauza?"

Nilihisi lile kaa tumboni likigeuka upande wa pili. Soko zima niliwakuta mbuzi wa kuhesabika kwa vidole, na bei yao ilikuwa imepita elfu tano, inaelekea sita. Mimi nilikuwa nimeahidi elfu tatu.

Simu ikaanza. Abdi alikuwa na haki, na haki yake aliitaka. "Wanjala, nyama hakuna Kakuma. Lete mbuzi zangu." Nikanunua wachache kwa bei ya juu, nikampa kwa bei ya chini. Akataka wengine. Nikauza pikipiki yangu. Na bei iliendelea kupanda. Ikafika mahali sikuweza tena kuipokea. Niliweka simu chini ya godoro, na hata hapo niliisikia ikilia wakati hailii.

Sasa nitasema jambo ambalo watu hawapendi kulisoma, lakini ndilo lingeniokoa mapema. Choo changu kikawa cheusi. Si cheusi cha mboga. Cheusi cha kung'aa, cha kunata, chenye harufu ambayo sijawahi kuikuta hata machinjioni. Barabara ya kwenda Kakuma wakati ule ilikuwa imeliwa na mashimo, lami unaitafuta kwa tochi. Lami niliyoiona mwaka huo ilitoka kwangu. Nilifanya mzaha huo peke yangu chooni na sikucheka. Nilipoinuka, ukuta ulizunguka.

"Baba Sifa," Rose aliniambia, akinivuta kope ya chini kwa kidole, "mbona ndani ya macho yako kumekuwa kweupe?"

"Ni vumbi."

"Vumbi gani na mvua hii?"

Nilikuwa naogopa kwamba nikienda hospitali wataniambia kitu. Niliogopa jibu kuliko ugonjwa. Badala yake nikapanda gari kwenda Kakuma kumwomba Abdi anipe nafasi. Sikumkuta. Nikakaa kwenye benchi la bucha yake hadi benchi likawa kama linayumba chini yangu, halafu nikapanda basi la kurudi Lodwar.

Katikati ya safari tukakuta laga imejaa. Laga ni mto wa mchanga: mwaka mzima ni mkavu, watoto wanacheza mpira ndani, halafu mvua inanyesha mbali huko usikokuona, na maji yanashuka ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti. Basi likasimama. Abiria tukashuka kungoja maji yapungue. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nasikia baridi. Baridi, Turkana, saa saba mchana. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza hofu isiyo na bei.

Kichefuchefu kikaja. Nikainama. Kilichotoka kwanza kilikuwa kama machicha ya kahawa. Kilichofuata kilikuwa chekundu, na kingi. Niliona damu ikiingia mchangani na mchanga ukiinywa bila kubakiza. Mwanamke mmoja akapiga kelele. Kondakta akanishika kwapani.

"Huyu hawezi kungoja," akasema. "Avushwe sasa hivi. Ng'ambo kuna lori linageuza kurudi Lodwar."

Kwenye laga kuna vijana wanaovusha watu na mizigo mabegani. Wakaja wanne, wakanitazama.

"Mia tano kila mmoja," akasema mkubwa wao.

"Mia mbili," nikasema. Mdomo wenyewe ulisema. Damu ilikuwa bado kidevuni.

Kondakta akaniinamia. "Mzee, unakufa na bado unabishana?"

Nataka nikuambie ukweli: nilibishana kwa sababu niliogopa. Kama bado nabishana bei, basi bado niko sokoni, bado niko hai. Kijana mkubwa akasema, "Mia tatu, na asitutapikie," nikakubali kwa kichwa tu, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Walinibeba juu kama jeneza. Maji yaliwafika kifuani. Nilitazama mbinguni na kusikia mto ukinguruma chini ya mgongo wangu, na mmoja wao akiteleza na kusema "Shika! Shika!" Nilimwomba Mungu jambo moja. Sikuomba utajiri wala mbuzi. Niliomba Sifa asije akaambiwa shuleni, mbele ya wenzake. Mengine ya njiani siyakumbuki.

Hospitalini nilipokelewa na daktari kijana, mwanamke, aliyeongea haraka.

"Choo chako rangi gani?"

Nikaona aibu, maana Rose alikuwa ameitwa kwa simu na alikuwepo. "Nyeusi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Unameza dawa gani?"

Rose akafungua mkoba akamwaga vidonge vyangu juu ya shuka. Daktari akavitazama kama polisi aliyekuta bunduki.

"Una kidonda tumboni na kinavuja," akasema. "Hivi vidonge vimekichimba. Damu iliyobaki mwilini ni chini ya nusu. Unahitaji damu leo, na kwenye friji, damu ya kundi lako hakuna. Mama, tafuta watu."

Rose alipimwa, ya kwake haikulingana na yangu. Akafunga kanga akatoka. Mimi nikabaki nikitazama dari na kuhesabu vigae vyake, na nikirudia hesabu ya pili sipati jibu lile lile. Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko damu.

Aliporudi, nyuma yake alikuwa Mama Nakiru, na watu wengine wawili wa sokoni. Wale wawili damu zao zilikataa. Ya Mama Nakiru ikakubali.

Muuguzi akaanza kumweleza pole pole asiogope sindano. Mama Nakiru akamkatiza.

"Niogope nini? Ngamia sisi tunatoa damu kila siku. Unafunga shingo, unapiga mshale kidogo, unachota, unafungua, anaenda zake malishoni. Lakini kidogo! Ukichota yote, kesho utakunywa nini?" Akakunja mkono wake uliojaa bangili. "Chota basi. Lakini mimi pia uniache niende malishoni."

Halafu akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unatucheka ati Waturkana tunakunywa damu. Leo nani anakunywa?"

Nilitaka kucheka, tumbo likanikataza. Damu yake iliingia mkononi mwangu ikiwa baridi, tone kwa tone, na baada ya muda vidole vya miguu vikaanza kurudi. Lakini hofu haikuisha. Asubuhi iliyofuata nilitapika damu tena, kidogo. Daktari alitaka nipelekwe Eldoret wakaniingize mpira wenye kamera. Habari ikaja kwamba barabara imekatwa na maji huko Kalemng'orok. Nilikuwa nimezungukwa na maji katika nchi ya ukame. Hakukuwa na la kufanya ila dawa za mshipani, na kungoja. Kila nilipojisikia kichefuchefu niliushika mkono wa Rose, naye alinishika kwa nguvu mpaka pete yake ikaniachia alama. Nilingoja kama nilivyozoea kungoja bei, tofauti ni kwamba safari hii arubuni niliyotanguliza ilikuwa mimi mwenyewe.

Haikutoka tena. Choo kikabadilika rangi, na nakwambia sijawahi kufurahia kitu cha kahawia kama siku ile.

Abdi alikuja nikiwa bado na mpira wa dripu mkononi. Nilipomwona mlangoni, moyo ulipiga hadi muuguzi akanigeukia. Akaketi, kiti kikalia.

"Mbuzi zangu," akasema.

"Nitalipa," nikasema. "Lakini si sasa. Ngoja kiangazi. Kiangazi watu wanauza, bei inashuka, nakuletea wote kwa elfu tatu yetu."

"Kiangazi mimi mwenyewe nitawapata rahisi."

"Basi elfu mbili na nusu."

"Mbili."

"Abdi, nina kidonda!"

"Mimi pia utanitia kidonda. Mbili na mia mbili."

Muuguzi akaja na kutufukuza, yaani alimfukuza yeye, mimi nikakosa pa kwenda. Mlangoni Abdi akageuka akacheka. "Wallahi, mbili na mia nne. Maiti haileti mbuzi. Pona kwanza." Nilimlipa yeye na wenzake mbuzi wote kiangazi hicho, na sikupata faida hata ya kununua kamba.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Eldoret. Waliona kidonda kikijifunga, na wakakuta pia wadudu wadogo wanaoishi tumboni na kuzuia kidonda kupona. Nilipewa dawa za kumeza kwa majuma mawili. Zilifanya mdomo uwe na ladha ya sarafu, na siku ya nne nikajisikia mzima kabisa. Nikataka kuacha. Rose akaniwekea kidonge kwenye kiganja akasimama mbele yangu. "Hapa hakuna kupunguziwa," akasema. Nikamaliza zote.

Namshukuru Mungu, aliyenivusha laga kwa mabega ya watu nisiojua majina yao. Namshukuru yule daktari aliyeuliza rangi ya choo bila kuona haya. Wewe nakuomba utazame choo chako. Kikiwa cheusi na cha kunata, usingoje mvua iishe, nenda. Vidonge vya maumivu usivifanye chakula. Na usidhani hofu ya kila siku haina mahali pa kukaa mwilini. Ina mahali, na mimi najua ni wapi hasa, naweza kukuonyesha kwa kidole.

Arubuni sijaacha. Ila sasa mimi ndiye ninayelipa, kwa mbuzi wachache, kiasi ambacho nikikipoteza nakula chakula changu na kulala. Sipokei arubuni ya mbuzi asiyekuwa zizini kwangu. Miezi mingine napoteza, miezi mingine napata, na pato lenyewe ni dogo, ila linakuja. Nachota kidogo, namwacha ngamia aende malishoni. Na kabla ya mawingu naenda kwa Mama Nakiru, namuuliza waziwazi.

Kila tukikutana, yeye huuliza kabla ya salamu: "Damu yangu inaendeleaje huko?"

"Haijambo. Inakusalimu."

"Itunze vizuri. Ile nilikuwekea tu. Siku nikiitaka, nitakuja kuchukua, na bei ni ile ile."

Hiyo ndiyo haki pekee ya mtu mwingine ninayodaiwa bila tarehe ya mwisho. Nimeihesabu mara mbili, na simu ya Mama Nakiru ikilia, napokea mlio wa kwanza.